Kilometa Sitini

Mtu wa Lindi aliyekula chumvi nyingi, ukimuuliza Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, hakutajii kilometa. Anakurudishia swali: kiangazi au masika? Kiangazi, enzi zake, zilikuwa siku mbili, ukiwa na nyota njema. Masika alikuwa hajibu, anacheka tu. Vijana wa leo wanapanda basi Mbagala alfajiri na magharibi wako kwao Mtwara wanaoga, na hadithi za babu zao wanazisikiliza kama wanavyosikiliza za majini.

Umbali wenyewe hautishi. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilometa 560, pungufu ya safari ya kwenda Singida. Kilichoirefusha njia ni maji: Mto Rufiji, kisha Matandu, Mavuji na Mbwemkuru, na katikati yake vijito visivyo na idadi vinavyoshuka kutoka Milima ya Matumbi na kukimbilia baharini. Barabara inakata yote hayo ubavuni. Mtu akiitazama kwenye ramani anaweza kujiuliza nani alikuwa na akili ya kupitisha njia hapo. Jibu ni kwamba kwa karne nyingi hakuna aliyekuwa nayo. Pwani ya kusini ilikuwa na barabara yake tayari, pana, isiyodai kifusi wala mkandarasi. Ilikuwa bahari.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuja kwa chombo, kama kila mgeni wa maana. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakapanda na kusi. Njia za nchi kavu zilikuwepo, ila zote zilielekea bara: kutoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa, kutoka Lindi na Mikindani kwenda kwa Wayao na Wamakua. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hizo, na watumwa pia, mpaka ufukweni, na kutoka hapo tanga likachukua zamu. Kutembea kwa mguu kutoka Kilwa hadi Mzizima, Dar es Salaam ya leo, na bahari iko hapo hapo inakutazama, kungekuwa uwendawazimu.

Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja na kung'oa mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, bei ya karafuu ikapaa, na wenye mashamba wakataka mikono mingine ya kulima. Juni 1873, akiwa ametishiwa na manowari za Waingereza, Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Mkataba ulitaja bahari. Nchi kavu haukuitaja. Matajiri wa Kilwa hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Miezi michache baadaye Frederic Elton, makamu wa balozi wa Uingereza kule Unguja, aliifuata pwani kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa. Kazi aliyotumwa ilikuwa kuwaachia huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza. Njiani akawa anapishana na misafara inayokwenda kaskazini, akaanza kuhesabu. Kati ya mwisho wa Desemba 1873 na Januari 1874, katika muda wa mwezi mmoja, hesabu yake ilipita watu 4,000. Walivushwa Rufiji, wakapitishwa nyuma ya Dar es Salaam, wakafikishwa huko juu Pangani na kwingineko, ambako usiku mmoja wa giza ulitosha kuwafikisha Pemba. Ilibidi Barghash atoe amri nyingine mwaka 1876, safari hii akiitaja nchi kavu kwa jina.

Wengi huianza historia ya njia hii, Barabara ya Kilwa, kwa Wajerumani, kwa sababu Wajerumani waliacha makaratasi. Mimi naianzia hapo kwenye nyayo. Ilizaliwa kwa sababu bahari ilifungwa, na walioikanyaga kwanza kwa maelfu hawakuwa wamechagua kusafiri.

*

Siku niliyoipita mara ya mwisho nilikaa siti ya dirishani, jirani yangu bibi mmoja mwenye kanga mbili na ndoo aliyokataa kata kata isiwekwe kwenye buti. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu ni wapi, akaridhika. Tulipotoka Rangi Tatu akajifunika kanga usoni na kuniambia, "Mjukuu wangu, niamshe tukifika pantoni."

Pantoni haipo tangu mwaka 2003. Sikumsahihisha.

Kutoka mjini barabara haina haraka. Inaanzia kule bandarini na Kurasini, inapita viwanja vya Sabasaba, Mtoni, Mtongani, Mbagala, na kwa muda mrefu huwezi kusema jiji limeishia wapi. Kongowe, Vikindu, Mkuranga: bado ni nyumba na matofali, halafu taratibu mikorosho na minanasi inaanza kuzishinda nyumba. Kimanzichana, Bungu, Kibiti. Sehemu hii ya njia haijawahi kuwa na masimulizi makubwa ya safari. Kibiti ilipata umaarufu ambao haikuuomba, hasa mwaka 2017, viongozi wa vijiji na polisi walipokuwa wakiuawa. Aprili 13 mwaka huo askari wanane waliuawa kwa kuviziwa barabarani. Kwa miezi kadhaa wasafiri wa kusini walijua kila kizuizi kilipo na saa ya kutokuwa njiani. Leo wauza machungwa wanalizunguka basi kama kawaida, na pa kuulizia habari hizo si dirishani mwa basi.

Baada ya Ikwiriri ardhi inalala. Miti inapungua, upepo unabadilika harufu, na mbele unaona barabara ikipanda juu ya tuta. Hapo nikamgusa bibi begani.

Rufiji ni mto usio na mipaka ya kueleweka. Kiangazi unaonyesha michanga na viboko, masika unalala kwenye bonde lote na kulidai kuwa lake. Warufiji wamelima kwa kufuata tabia hiyo vizazi na vizazi: mpunga wa mafuriko, kisha mazao ya mlau maji yakishapungua. Chini kidogo mto unajigawa katika delta yenye mikoko, ambamo Julai 1915 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilimalizwa baada ya kujificha humo kwa miezi. Kwa mkulima mto wa namna hiyo ni neema. Mwenye lori alikuwa na maneno mengine, ambayo hayachapwi.

Pale Ndundu ndipo ilipokuwa pantoni. Gari liliteremshwa kwenye kingo za tope, likapanda chuma kinachoyumba, likavushwa. Mto ukipungua sana chombo kilikwama mchangani. Ukijaa sana mkondo ulikuwa mkali na hakuna wa kuthubutu. Kikiharibika, na vyombo vya namna hiyo huharibika, foleni ilijipanga kingo zote mbili, na watu wakaanza kuishi pale. Bibi alisimulia bila kuulizwa. Alikaa Ndundu siku sita, mwaka wa mvua za El Niño, na mtoto mgongoni. Aliuza vitenge viwili alivyokuwa ameagizwa na dada yake ili apate kununua wali. "Dada hakunisemesha mwaka mzima," alisema, na bado alionekana kumwelewa dada.

Daraja lina urefu wa mita 970. Lilifunguliwa Agosti 2003 na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Kuwait na mfuko wa nchi za OPEC. Kwa miaka mingi hapakuwa na daraja refu kulizidi nchini. Watu wa kusini watakuambia, wengine kwa fahari na wengine kwa uchungu, kwamba ilibidi apatikane rais wa kwao ndipo mto ufungwe kamba. Wengine hukumbusha vita vya Msumbiji, na ule mpaka wa Ruvuma uliofanya kusini iwe mahali pa kulindwa kuliko pa kujengwa. Mtumishi wa serikali akihamishiwa Lindi au Mtwara, wenzake walimpa pole kama aliyefiwa. Sababu zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini naamini ya tatu ni rahisi zaidi: aliyekuwa na mamlaka ya kuamua barabara ijengwe wapi, akitaka kwenda Mtwara, alipanda ndege.

Tulivuka kwa dakika moja na kitu. Bibi aliyatazama maji mpaka yakaisha, akasema "Haya," akajifunika tena.

*

Daraja lilipokwisha kulikuwa na jambo ambalo wasafiri walilijua kabla ya wahandisi kulikiri: mto ulikuwa nusu tu ya shida. Mbele yake palibaki Ndundu hadi Somanga, kilometa 60. Kusini zaidi vipande viliwekwa lami kimoja kimoja, Nangurukuru hadi Mbwemkuru kilometa 95, Mbwemkuru hadi Mingoyo nyingine 95, vikang'aa huko, na hizi 60 zikabaki katikati kama jino bovu. Mkandarasi alikuwepo, mitambo ilikuwepo, tarehe za kukamilika zilitangazwa na kupita. Ilifika katikati ya miaka ya 2010 ndipo lami ikaunganika yote.

Kondakta wetu, kijana mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alisimamisha basi mahali fulani baada ya Nyamwage. "Dakika tano, kuchimba dawa! Wanaume kulia, kina mama kushoto, asiyerudi tunamwacha!" Nilipomaliza haja zangu nikashuka kidogo kwenye mtaro kutazama kilichowashinda watu miaka yote ile. Udongo ni mweusi, umekauka, umepasuka vipande kama keki. Niliingiza kiganja kizima kwenye ufa mmoja, kikazama hadi kwenye kifundo. Ndani palikuwa na ubaridi.

Huo ni mfinyanzi unaovimba. Ukinyonya maji unafura, ukikauka unasinyaa, na kila anayejenga juu yake, iwe nyumba au barabara, ananyanyuliwa na kuteremshwa kila mwaka kama yuko kifuani mwa mtu anayepumua. Dawa yake inajulikana: uuondoe na kuleta udongo mwingine, au uukoroge na chokaa au saruji, kisha uinue tuta na kuyapa maji pa kupita. Yote hayo yanataka fedha na yanataka kiangazi kirefu, na ukanda huu una vuli na masika. Msimu mmoja ukikushinda, unarudi mwakani kuanza na kilichobomoka.

Kabla ya lami udongo huo ulikuwa mwajiri. Magari yalizama hadi kwenye ekseli, utingo akashuka na koleo na matawi, minyororo ikafungwa magurudumuni, abiria wakavua viatu na kusukuma. Vijana wa vijijini waliijua kazi hiyo na bei yake. Walikaa kivulini wakisubiri gari lizame, kisha wakaja wakitembea taratibu, kwa sababu anayekimbia hapandishi bei.

*

Somanga unaiona bahari, au walau unaisikia harufu yake, na basi linajaa samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi. Kama ningeambiwa nichague kilometa chache za kuilinda historia yote ya njia hii, ningechagua hapa.

Kuelekea kaskazini kidogo kuna Mohoro, ambako Wajerumani walikuwa na boma. Upande wa machweo kuna vilima vya Matumbi. Julai 1905, huko Nandete, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima; walikuwa pia wamechoka kodi, viboko na kazi za shokoa, kutengeneza barabara ikiwa mojawapo. Wakateremka hadi Somanga, ambayo vitabu vingi vinaiandika Samanga, makazi ya wafanyabiashara pwani, wakaichoma. Agosti 4 Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kinga, akanyongwa Mohoro. Wajerumani walidhani wamemaliza. Vita vya Majimaji ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza, vikaenea hadi Songea na kwingine mbali, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko risasi.

Hapa Somanga pia ndipo gesi ya Songo Songo inapoibuka kutoka baharini. Bomba lake la kilometa 232 lilianza kuipeleka Dar es Salaam mwaka 2004. La pili, kubwa zaidi, likaja kutoka Mtwara na kukamilika mwaka 2015, lakini kabla ya hapo, Januari na Mei 2013, Mtwara iliwaka moto. Watu waliuliza kwa nini gesi iende kaskazini na wao wabaki na mabango. Watu walikufa. Hatimaye bomba likachimbiwa chini, na kwa sehemu kubwa ya safari yako linakwenda nawe, upande ule ule uliokwenda misafara aliyoihesabu Elton.

Na hapa hapa, Mei 2024, maji yakakumbusha nani mwenyeji. Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua ambayo makalavati hayakuwahi kuandaliwa kuipokea. Somanga-Mtama, Mikereng'ende na kwingineko barabara ilikatwa vipande. Lami ilining'inia hewani kama ulimi. Kilichotokea ni rahisi kukieleza ukisimama pale. Vilima viko karibu na bahari, maji hayana nafasi ya kupoa, yanashuka kwa kasi na kukuta tuta la barabara limelala njiani. Matundu yakizidiwa, tuta linageuka bwawa, na bwawa la udongo likimwagikiwa juu halikai saa nyingi. Kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zilirudi miaka ishirini nyuma: malori foleni pande zote mbili, bei zikipanda sokoni, waziri akipiga kambi porini na wahandisi wake. Barabara ilirudishwa kwa mawe na mabomba, kisha kazi ya madaraja makubwa zaidi ikaanza. Tulipofika kwenye mchepuko dereva alizima redio. Hakuna aliyemwambia azime.

*

Baada ya hapo barabara inalegea. Tingi, njia ya kwenda Kipatimu, Mto Matandu, Nangurukuru. Hapo mabasi husimama kwa chakula, na njia ya kushoto inakwenda Kilwa tatu: Kivinje ya misafara, Masoko ya wilaya, na Kisiwani ya magofu, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Jina la barabara nzima limetoka huko, na barabara yenyewe haifiki huko. Inapita kando, kama mtu aliyepewa jina la babu ambaye hajawahi kumtembelea.

Mavuji, Kiranjeranje, Hoteli Tatu. Sijui kwa nini jina Hoteli Tatu hunifurahisha kila mara.

Kati ya Mbwemkuru na Lindi, ndani kulia usipopaona, kuna kilima cha Tendaguru. Wajerumani walichimba humo mifupa ya dinosaria tangu 1909 hadi 1913, na mifupa hiyo ilifika bandarini Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa, mzigo mmoja mmoja, mpaka tani zipatazo 250 zikawa zimetoka. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mnyama aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watoto wa Kijerumani hupigwa picha chini yake. Barabarani hutaona zaidi ya mikorosho na ufuta.

Mchinga ndipo bibi aliposhuka. Wengi husema neno machinga limetoka kwa watu wa upande huu, vijana waliokwenda Dar es Salaam na bidhaa mkononi wakizunguka nazo mitaa yote. Kama ni kweli, basi waliipita Ndundu kwa pantoni na tope lile lote ili kwenda kuuza soksi.

Kondakta alimpokelea ndoo kwa heshima isiyo ya kawaida yake. "Pole pole, bi mkubwa." Mfuniko ulifunguka kidogo, nikaona ni mkate wa kumimina, umefunikwa kitambaa, bado mzima. Akasimama kando ya lami, akatoa simu kifuani, akaishika mbali na sikio kama wafanyavyo wasioziamini.

"Nimefika," alisema kwa sauti ya kuvuka mto. "Nimefika Mchinga. Njooni mnichukue. Leo! Nini kesho? Nasema leo hii."

Basi likaondoka. Likapita Lindi bila kukaa sana, likaizunguka hori ya Lukuledi, na pale Mingoyo, ambapo kulia ni Masasi, likakata kushoto.